Mvua Iliyomkosa Baba

Siku zetu, sisi tuliolelewa upande wa Homa Bay miaka ya tisini, mwenye boma ndiye aliyetia mbegu ya kwanza shambani. Kabla yake hakuna aliyethubutu, hata mkewe. Nikiwasimulia wanangu hunicheka: "Si mngepanda tu, Mama?" Wao chakula huagiza kwa simu, watajuaje.

Jua lilikuwa limetukausha misimu miwili. Baba akaenda Masara kuchimba dhahabu, kaka yangu Otieno akaenda Awendo kukata miwa. Tukabaki Mama, sisi wasichana watatu, na Dani, yaani nyanya yetu, katika boma lake ng'ambo ya ua. Kwa majirani ilikuwa vivyo hivyo: wenye nguvu waliondoka, watoto na wazee wakabaki.

Halafu mvua ikaja, nzuri, na ile harufu ya vumbi lililoloa. Dani alikuwa mjane mwenye boma lake, kwa hiyo kesho yake alipanda. Mama alituma ujumbe Masara kupitia mwuza omena, wale dagaa wa ziwani, akangoja. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Sisi tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, kwenye shamba tupu huku mahindi ya Dani yakichipuka.

"Mvua haijui kwamba baba yenu yuko Masara," Dani alisema.  Baadaye nilimkuta Mama jikoni analia, na nikamchukia Baba, nasema kweli.

Alifika wiki ya tatu, mikono mitupu. Ujumbe ulikuwa umemfikia juzi yake tu. Akapanda mstari mmoja, Mama akamaliza shamba lote. Mvua ikakatika mahindi yakiwa magotini. Mwaka ule tulikula nyoyo kwa Dani, mahindi na maharagwe yake mwenyewe, mpaka gunia likaisha.

Msimu uliofuata Baba alikuwa amerudi Masara, na Mama hakungoja. Alifunga mizigo, tukamfuata Otieno Awendo. Dani alikataa. "Mimi nikaanze wapi tena?" Alitufungia mbegu kwenye kitambaa, akatusindikiza hadi barabarani. Awendo hatukuwa na shamba, tukazichemsha tukala.

Dani hayupo sasa, Baba pia. Mimi niko Rongo, wanangu Nairobi. Juzi jirani wa zamani alinipigia simu kusema kwetu imenyesha vizuri sana. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa. Shamba letu lilikuwa tayari kwa mbegu, na safari hii hakuna aliyebaki wa kungojwa, wala wa kungoja.