Verna Halkett na Mkutano wa Daraja

"Hivi Verna, serikali inahitaji idara nzima ya kuongea na serikali nyingine? Hawana simu?"

Jirani yake, Bi. Agatha Dyck, alimwuliza hivyo siku moja wakizoa theluji milangoni, kila mtu upande wake wa uzio. Verna Halkett alimjibu kwamba simu wanazo, ila simu haina viti, na yeye kazi yake ni viti.

Saa mbili asubuhi hii anavipanga katika ukumbi wa idara hiyo ya jimbo. Ana miaka hamsini na tisa. Serikali tatu zinakuja kukaa mezani: ya jimbo, ya Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, na ya hifadhi ya Wakri, ardhi waliyotengewa wenyeji hao wa asili ng'ambo ya mto, alikozaliwa. Bendera amezipiga pasi, na anarudi nyuma kuangalia kama kuna mlingoti uliozidi mwenzake.

Mkutano ni wa daraja. Jimbo linasema hifadhi ni mzigo wa Ottawa; Ottawa inasema barabara ni ya jimbo. Verna ameyasikia hayo akimimina kahawa tangu nywele zake zikiwa nyeusi.

Barafu ya mto ikianza kuyeyuka, gari haliwezi kupita juu yake na kivuko nacho hakiwezi kuvuka. Mama yake, Eliza, mgonjwa wa moyo, yuko huko na amekataa kuhama. Mwaka jana alizidiwa majira hayohayo, na helikopta ikashindwa kutua kwa ukungu.

"Nilikuwa humu humu, nawawekea maziwa kwenye kahawa," anajisemea Verna. "Nikasali. Mungu akaniachia mama. Safari hii sitaki kuwa hapa."

Bado miaka miwili apate pensheni kamili. Ameamua: leo wakikubaliana kujenga, atavumilia hadi mwisho. Wasipokubaliana, anarudi kwa mama kabla barafu haijapasuka.

Kwa Wakri, anayemwomba mzee jambo, hata sala ya kufungua mkutano, humpa tumbaku mkononi na kusema anachoomba. Mzee akiipokea, amelibeba ombi hilo. Wakurugenzi huona haya, kwa hiyo kwa miaka mingi wamekuwa wakimtuma Verna, naye akienda bila kuwaza.

Kiangazi kilichopita, Mosom Narcisse (mosom ni babu kwa Kikri), mzee anayewasalia, alimtania wakinywa chai.

"Binti yangu, una shida nyingi wewe. Kila mwaka unaniletea tumbaku. Hao wakubwa wako hawajawahi kuniomba kitu."

Verna alicheka, kisha akaona mzee hacheki.

Ndiyo maana leo tumbaku, imefungwa kwa kitambaa chekundu, amemkabidhi mkurugenzi, Bwana Gregory Lysenko, ampe mzee yeye mwenyewe. Mkurugenzi, ambaye si mtu mbaya, ameuliza aseme nini. Verna amemwambia aseme anachotaka.

Wageni wameketi. Lysenko anamwendea Mosom Narcisse, ananyoosha mkono, anasema anaomba sala ili mkutano uende vizuri.

"Uende wapi?" anauliza mzee.

Watu wa hifadhi wanacheka chinichini. Mzee bado hajainua mkono.

"Nauliza tu, mjukuu wangu. Unaniomba daraja, au unaniomba mkutano?"

Lysenko anamtazama mjumbe wa Ottawa. Mjumbe anatazama kahawa yake.

"Daraja hatujaruhusiwa kuliahidi leo, Mosom," anasema Lysenko taratibu. "Leo tunaomba mkutano tu."

"Kwa hilo hamnihitaji. Mkutano mnao tayari."

Tumbaku inabaki mkononi mwa mkurugenzi. Verna, aliyekuwa akimimina chai ya mzee, anakijaza kikombe hadi panapotakiwa, anamsogezea sukari, analitua birika. Lysenko anamwita kwa jina, kwa sauti ya mtu anayeomba msaada. Verna anachukua koti lake nyuma ya mlango, analifunga zipu hadi kidevuni, na kutoka kuelekea mtoni.