Maji ya Kaburi la Kathini

Kathini alipokuja nyumbani Kikima, huko Mbooni, kwa Pasaka, alileta miche michache ya maua ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Alikuwa akifanya kazi kwenye kitalu cha maua upande wa Limuru. Mmea wenyewe haukuwa na fahari: majani membamba yanayotambaa chini kama mkeka, ambayo wakati wa baridi hufunikwa na maua meupe. Asili yake ni milima ya mbali, kwenye nyufa za mawe.

Mama yake, Mutindi, alicheka. "Umetoka kote huko kuniletea kitu cha kupanda kwenye mawe? Hapa Mbooni mawe ndiyo tumejaliwa."

Waliipanda kwenye ukingo wa shamba. Kathini alichanganya udongo na mchanga, kisha akazungusha kokoto shingoni mwa kila mche ili pakae pakavu. "Usiunyweshe kama mgonjwa, mwaitu," akamwambia mama yake. "Shingo ikilowa, unaoza."

Mwaka uliofuata Kathini alifariki akijifungua, na mtoto naye hakupona. Walizikwa pamoja mwisho wa shamba, kando ya njia ya mtoni. Mutindi hakulia mbele za watu. Aliihamisha miche, akapanga mawe juu ya kaburi na kuipanda katikati yake. Julai, ukungu ulipolala kwenye vilima, kaburi likawa jeupe kabisa. Watu wakitoka kanisani walisimama kutazama, na Mutindi, ambaye siku hizo hakuwa na neno kwa mtu, aliwaambia, "Yanaendelea vizuri," kama mzazi aliyeulizwa habari za mtoto aliye shuleni.

Kisha mvua ya vuli ikakosa kunyesha. Mto ukabaki mchanga mtupu, na akina mama wakawa wanachimba humo tangu alfajiri kungoja maji yajikusanye. Majani kaburini yalififia, kama yafanyavyo wakati wa kiangazi yanapojikunja kungoja.

Kaluki, kiongozi wa kikundi cha akina mama kanisani, ndiye aliyesimama wa kwanza. Alishusha mtungi mgongoni, akajifungua kamba ya kichwani na kumimina.

"Aiya, Mama Kathini! Unaacha mtoto wetu na kiu hivi?"

"Asante, mama," Mutindi alijibu.

Wengine wakafuata. Kila aliyepita alimwaga kidogo, na wakataniana kwamba Kathini sasa anakunywa kuliko ng'ombe wao. Mutindi aliwashukuru wote. Angesemaje? Kwetu mtu haringi mbele ya maji, sembuse maji yaliyobebwa kwa mgongo kupanda mlima, mwaka kama ule, kwa ajili ya marehemu wako. Walipoondoka alikuwa akichota tope kwa kijiko na kurudisha kokoto kavu. Baadaye alivuta tawi moja likatoka mkononi bila ubishi, shina lake jeusi, linanuka.

Asubuhi iliyofuata alimngoja Kaluki njiani.

"Mama, tafadhali, usimwage leo."

Kaluki alicheka. "Usinionee huruma, mgongo bado ninao."

"Si mgongo. Maji ndiyo yanayoyaua."

Wanawake waliokuwa nyuma yake wakasimama na mizigo yao.

"Maji yetu yanaua?" Kaluki akauliza.

"Maua haya hayataki maji shingoni. Kathini aliniambia."

"Watoto wangu wameoga kwa kikombe ili mimi nimletee Kathini," Kaluki akasema polepole. "Kumbe ninamuua mara ya pili."

"Sikusema hivyo, mama."

"Twendeni," Kaluki aliwaambia wenzake.

Hakuna aliyemwaga tena. Kikundi hakikuja kwake kwa maombi ya Alhamisi zamu yake ilipofika, wala hakuna aliyemwambia yalihamishiwa kwa nani. Mutindi alikwangua udongo uliooza, akajaza kokoto, akakiwekea kivuli kichaka cha mwisho kilichokuwa na ukijani. Kila asubuhi alipiga magoti kukitazama. Lakini kuoza kulikuwa kumeshaingia ndani. Kabla ya Krismasi, hicho nacho kikageuka kahawia kuanzia katikati, kikafa.

Akina mama waliporudi kutoka mtoni walimkuta anang'oa mizizi. Walimsalimu vizuri, kwa heshima, jinsi mtu anavyosalimiwa na wageni, wakapita bila kushusha mizigo.

Mutindi aliitikia. Akaendelea kuondoa jiwe moja moja, mpaka kaburi likabaki udongo mtupu.