Kiuno cha Mwimbaji

Jirani wa chumba cha mbele ndiye aliyeninong'oneza, tukianika nguo, kwamba fundi cherehani wetu na yule mwimbaji maarufu ni baba mmoja, mama mbalimbali. "Wanafichana tu," alisema, kibanio kikiwa mdomoni.

Fundi mwenyewe hakukubali wala hakukataa. Ukimpelekea sketi aipunguze, lazima akwambie, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, "Mimi na yule mwimbaji tunajuana. Kiuno chake nakijua kuliko mkewe." Tulikuwa tunacheka. Binti yake wa darasa la tatu hakucheka. Alisimama pembeni ya cherehani akijidai, na shuleni alishawatangazia wenzake wote kwamba mwimbaji ni baba yake mdogo.

Mwezi uliopita mwimbaji alikuja kufungua duka la simu mtaani kwetu. Binti alikuwa shule. Fundi akavaa shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa, akanipitia. "Shemeji, twende ukaone watu wanavyosalimiana."

Nikambeba mtoto mgongoni, tukaenda.

Alipenya mpaka kwenye kamba ya kuzuia watu, akanyoosha mkono. "Mdogo wangu," akaita.

Mwimbaji akageuka, tabasamu lake lilelile la kwenye mabango. "Habari, mzee. Tunajuana?"

"Ni mimi, fundi. Ile suruali ya kijani, nilikubadilishia zipu."

Mwimbaji akamtazama dereva wake.

"Niliipeleka mimi, bosi," dereva akasema. "Wewe ulikuwa safarini."

Nyuma yangu nikaisikia sauti ya jirani yule yule wa chumba cha mbele. "Kumbe ni undugu wa suruali."

Watu wakaangua kicheko. Mwimbaji naye akacheka, wala si kwa ubaya, akaingia dukani. Fundi aliurudisha mkono wake taratibu, akaupangusia kwenye shati kana kwamba umeshika kitu. Aibu ikanipanda mimi mpaka masikioni. Nikajifanya namweka mtoto sawa mgongoni, nisimtazame.

Tulirudi nyumbani. Akakaa kwenye cherehani na kukanyaga pedali, sindano haina uzi wala nguo. Mara tukamwona binti yake kwenye kona, anakuja mbio, wenzake wawili nyuma yake.

Fundi akainamisha kichwa.

"Shemeji," akasema, "mimi siwezi kumtazama usoni. Akiuliza, mjibu wewe. Mwambie amenishika mkono."