Mvuke Wenye Harufu ya Stroberi

Nakumbuka siku ya soko pale Kamukuywa, mwanangu, lori lilipokuja na muziki mkubwa likigawia vijana sigara bure. Kaka yangu Wekesa alikuwa mbele ya wote. Ndiye aliyepiga tarumbeta kanisani kwetu, na akipuliza, watu wa ng'ambo ya mto walijua ibada imeanza. Nyanya yetu, tuliyemwita kukhu, aliacha mboga zake akaja kumshika mkono mbele ya wenzake.

"Mtu asiyekujua anakupa kitu bure, na wewe unacheka?"

"Kukhu, si ni moja tu?"

Sikio la kufa halisikii dawa; akaendelea kuvuta tangu siku ile. Tarumbeta ndiyo iliyotangulia kuondoka. Kila akipuliza alikohoa, akampa mwingine. Uzeeni, nyumbani kwake Kibomet, Kitale, hakuweza kutoka kitandani hadi mlangoni bila kupumzika njiani. Nilihamia kwake kusaidia kumuuguza, ingawa kazi kubwa ilifanywa na mjukuu wake Nekesa, msichana wa sekondari. Alimwosha, akamlisha uji, akamkalisha kwa mito ili apate hewa. Mtoto mwenye moyo kama ule ni nadra.

Alasiri moja nikamkuta nyuma ya jikoni, hewa ikinukia stroberi. Mkononi alikuwa na kitu chembamba kama kalamu.

"Ni nini hiyo?"

"Ni vepu tu, kuka," akasema, akiniita babu kwa lugha yetu. "Hii sigara ya umeme haina moshi bana, ni mvuke."

Dirisha la babu yake lilikuwa wazi. Tulimsikia akivuta pumzi, kifua kikipiga filimbi.

"Unamsikia?"

Akaanza kulia. "Namsikia kila siku. Nimejaribu kuacha, kuka. Kichwa kinauma, natetemeka, nagombana na kila mtu. Watu wa afya walikuja shuleni na mabango, wakatuambia yote. Tuliwacheka. Hata mimi nilicheka, na nilikuwa nayo kwa soksi."

Sikumwambia Wekesa, ila pua yake ilikuwa bado nzima. Siku moja alimshika Nekesa mkono, akafungua mdomo, lakini pumzi haikutosha hata neno moja. Akabaki akitikisa kichwa, machozi yakimtoka. Tulimzika mvua zilipoanza. Wakati watu wanaimba kaburini, nilinusa stroberi.

Mchuma janga hula na wa kwao, mwanangu. Sitakudanganya: Nekesa hajaacha. Hukaa siku chache bila kuvuta, akarudia, na sasa kikohozi kimeanza kumshika kila asubuhi. Mimi mzee nakaa naye, sijui niombe nini tena.

Kwa hivyo nakuambia wewe. Kama hujaonja, usionje. Utamu ule umewekwa kuficha nikotini, na nikotini haijui kama imekuja kwa moshi au kwa mvuke. Kama umeshaanza, usingoje kifua kikuambie. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie mtu mmoja anayekupenda, nendeni pamoja kituo cha afya, mwelezeni muuguzi bila kuficha; si wewe wa kwanza. Ukianguka, anza tena siku hiyo hiyo. Aibu ya kuomba msaada hupita. Mapafu hayana duka.

Mungu akupe kifua kizima, mwanangu, uzeeke ukiwa na pumzi ya kuwaita wajukuu wako kwa majina. Na akikumbuka wengine, amkumbuke Nekesa wetu.