Ekseli ya Winchi

Kiwandani walimbandika jina la Mama Ufa, naye alilipenda. Kazi yake ilikuwa kuchunguza vyuma vilivyovunjika na kueleza vimevunjikaje. Kipande kikiletwa mezani, neno lake la kwanza lilikuwa hilohilo: "Msiviunganishe!" Maana watu hawaachi kubananisha vipande viwili kama wanaofufua maiti, na hapo alama zote husagika.

Siku ekseli ya winchi ilipokatika, shehena ya mabati iliporomoka uani. Hakuumia mtu, lakini meneja alishapata wa kumlaumu.

"Dereva kazidisha mzigo. Hakuna cha kuchunguza hapo."

Dereva wa winchi, mtu mzima mwenye wajukuu, alimfuata Mama Ufa hadi chumba cha hadubini. "Sikuzidisha, mama. Haki ya Mungu."

"Sikukatalii wala sikukubalii, baba. Ngoja nitazame."

Alikisugua kipande kwa brashi laini na spiriti, akalaza taa ubavuni, akainama. Hakuchukua muda kutabasamu.

"Sogea uone. Hapa pote palaini, na pana mistari imejipinda kama ya maji yanayokauka kwenye beseni. Ufa ulikuwa unatembea humu kidogo kidogo, siku nyingi. Hii kona ndogo yenye chengachenga ndiyo iliyokatika juzi. Ungezidisha mzigo, pangechanika pote kwa mkupuo mmoja."

Dereva alishusha pumzi, akaketi bila kukaribishwa.

Mama Ufa akaifuata mistari hadi ilikoanzia, na tabasamu likamtoka. Ilianzia kwenye mchubuko wa zamani uliozibwa kwa kuchomelewa. Mshono ule, wenye magamba madogo yaliyopangana, aliujua. Ulikuwa wa mjomba wake, fundi mkuu wa kuchomelea, aliyemlea na kumshikisha tupa akiwa bado msichana.

Hakuzunguka mbuyu. Alimkuta karakanani, akamwambia, "Mjomba, ufa umeanzia kwenye mshono wako."

Mjomba alivua miwani. "Mshono wangu? Tangu lini?"

"Njoo utazame mwenyewe."

Alikuja amenuna. Akaweka jicho kwenye hadubini, akatazama mpaka shingo ikamuuma.

"Ulikipasha chuma moto kwanza?" Mama Ufa alimuuliza taratibu.

"Walinikimbiza, winchi inasubiriwa. Nikachomelea kikiwa baridi."

"Basi pembeni ya mshono kikawa kikavu kama biskuti."

Mjomba alijifuta uso. Kisha akasimama ghafla. "Mwanangu, ipo nyingine! Lifti ya mizigo kule stoo. Niliiziba wiki ileile."

Walikwenda mbio, dereva nyuma yao. Mama Ufa aliamuru lifti izimwe, wapakiaji wakilalamika. Akapaka ekseli rangi nyekundu inayopenya kwenye nyufa, akasubiri, akaifuta, akapuliza unga mweupe. Taratibu uzi mwekundu ukajichora juu ya ule weupe, ukizunguka karibu nusu ya ekseli. Wapakiaji waliokuwa wakilalamika walirudi nyuma hatua kadhaa.

Meneja alipofika na kuelezwa yote, aliutazama uzi ule, akageuka kumtafuta dereva. "Mzee, nilikukosea. Rudi kazini."

"Kwa winchi gani, bosi?" dereva alijibu, na stoo nzima ikacheka.

Mjomba alikuwa ameshakunja mikono ya shati, anafungua boliti. "Hii haichomelewi tena," alisema. "Ikachongwe mpya. Na wewe, Mama Ufa, utaikagua kabla sijaifunga."

"Nitaikagua, mjomba. Nipe hiyo spana nyingine."