Kirusi Chenye Mkia

Bi Mwanakuu wa Kuze alitumikia maabara ya zahanati kwa miaka kumi na sita, akichungulia damu za watu na haja zao, kabla ya kuitwa kufundisha. Chuo kilichomwita kilikuwa Mwembe Tayari, juu ya duka la magodoro na chini ya kanisa lenye vipaza sauti vinne. Alikabidhiwa somo la Utangulizi wa Virolojia, wanafunzi thelathini na wanne wa bayolojia, na ubao mweupe uliogoma kufutika. Kalamu alijinunulia mwenyewe.

Mwenye chuo, na mkurugenzi wake, alikuwa Bwana Kyalo, mtu mchangamfu wa suti ya kijivu. Kadi zake ziliandikwa "Daktari", udaktari aliotunukiwa na taasisi ya ng'ambo isiyokuwa na anwani. Hakuwa mtu mbaya. Ila aliamini kwamba kisichoonekana hakina faida, na hapo ndipo yeye na virolojia walipokosana.

Jumatatu moja aliingia ofisi ya walimu amekumbatia sanduku kama mtu aliyepata mtoto uzeeni.

"Mwalimu, hadubini hii! Mpya kabisa, imetumika kidogo tu. Ijumaa twafungua maabara. Mheshimiwa mbunge wetu amekubali kuja, nami nimemwahidi atakiona kirusi kwa macho yake."

Bi Mwanakuu akatua kikombe cha chai. "Daktari, hilo haliwezekani."

"Kwa nini?"

"Kirusi ni kidogo mno. Kwa hadubini hii bakteria waonekana, chembe za damu zaonekana. Lakini virusi vingi ni vidogo kuliko bakteria mara kumi, vingine mara mia. Vyataka hadubini ya elektroni, na hiyo haibebwi kwapani."

Kyalo akafikiri. "Hakuna hata kimoja kikubwakikubwa?"

"Viko viitwavyo majitu, lakini havipatikani Mwembe Tayari."

"Shida yenu watu wa sayansi," Kyalo akasema kwa huzuni, "mwapenda kuvunja watu moyo."

Bi Mwanakuu hakutaka ugomvi. Akasema kirusi hujulikana kwa kazi yake. Basi wamwonyeshe Mheshimiwa kazi hiyo. Akamwagiza mwanafunzi wake Kaingu, ambaye mamake alilima Rabai, alete majani mawili ya muhogo: moja zima, na moja lenye batobato, ule ugonjwa unaolipaka jani madoa ya manjano na kulikunja. Kaingu akaleta shada zima, na somo la Jumatano likawa tamu kuliko yote ya muhula ule.

"Alotenda haya hana mdomo, hali, hapumui," Bi Mwanakuu aliwaambia, akilipitisha jani mkono kwa mkono. "Ni maagizo tu, yamefungwa ndani ya ganda la protini. Peke yake hafanyi lolote. Nzi mweupe akishamtia ndani ya jani, seli huacha kazi zake ikaanza kutoa nakala za mgeni."

Terry, msichana wa meza ya mbele aliyependa majibu mafupi, akainua mkono. "Kwa hivyo mwalimu, kiko hai ama kimekufa?"

"Hilo wataalamu wabishana hadi leo."

Terry akaandika, uso umemkunjamana. Karo alilipia majibu, na sasa auziwa maswali.

Ijumaa Mheshimiwa alitarajiwa saa nne. Alifika saa nane na nusu, na watu ishirini na sita waliokuja kumsaidia kutazama. Bi Mwanakuu alikuwa amepanga majani yake mezani vizuri, kila moja na maelezo yake. Kyalo akayatupia jicho, akaona mboga. Akatoka mbio hadi mapokezi, palipokuwa na chombo cha maua ambacho maji yake hayakubadilishwa tangu chuo kifunguliwe, akadondoa tone juu ya kipande cha kioo na kukiweka chini ya hadubini.

Mheshimiwa akainama, akafumba jicho moja, kisha la pili, kisha akakumbuka kulifumbua la kwanza.

"Ala! Naliona! Lina kichwa! Lina mkia! Linajinyonganyonga!"

Makofi yakapigwa. Wapiga picha wakapiga. Mheshimiwa akasimama wima kama mtu aliyetoka vitani. "Ndugu zangu, leo nimemwona adui uso kwa uso. Amenitazama, nami nimemtazama. Yeye ndiye aliyeangalia pembeni!"

Bi Mwanakuu alisimama karibu na majani yake, shavu likimwaka. Angeweza kusema. Neno lilifika kooni, likakutana na kamera tatu na watu ishirini na sita, likarudi. Wageni walipokwenda kula biriani, aliinamia hadubini mwenyewe. Alichokiona ni kiluwiluwi cha mbu, kichanga bado, kikihangaika ndani ya tone lake. Akaenda mapokezi, akayamwaga maji yale chooni. Aliporudi Jumatatu, maua mapya yalikuwa yamewekwa, na maji mapya, kwa amri ya mkurugenzi, yasiguswe.

Mtihani ukaja. Aliuliza: "Eleza umbo la kirusi." Wanafunzi kumi na tisa waliandika kwamba kirusi kina kichwa, kina mkia na huogelea. Mmoja aliongeza kwamba kinaogopa viongozi. Bi Mwanakuu akawapa sufuri wote kumi na tisa, Terry akiwa wa kwanza.

Terry akaja ofisini na gazeti lenye picha na maneno ya Mheshimiwa. "Mwalimu, si yameandikwa hapa?"

"Na mimi niliwafundisha nini?"

"Ulitufundisha tofauti. Lakini wewe hukupigwa picha."

Lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. "Nilinyamaza siku ile, Terry, na nilikosea," akasema. "Sitanyamaza tena." Kesho yake aliwaeleza wanafunzi wote walichokiona wageni, kwa jina lake halisi: kiluwiluwi cha mbu. Habari ikamfikia Kyalo, naye akaagiza sufuri zile zigeuzwe kabla ya mwisho wa wiki, la sivyo atafutwe mwalimu mwingine mwenye nidhamu.

Mwisho wa wiki haukumkuta Kyalo kazini. Mvua zilikuwa zimenyesha, homa ilikuwa imezagaa mjini, naye alianguka nayo: kichwa, macho, viungo, mgongo kama umepigwa mchi. Akajipa dawa ya malaria. Haikufaa. Akanunua vidonge vya kuua bakteria, rangi mbili. Navyo havikufaa. Siku ya nne Bi Mwanakuu na Kaingu walimkuta kitandani, mdogo ndani ya blanketi.

"Pole, Daktari. Damu imepimwa?"

"Ya nini? Ni malaria."

Walimpeleka kupimwa, na jibu likawa kidingapopo, yaani homa ya dengue.

"Hicho ni kirusi," Bi Mwanakuu akamwambia. "Vidonge vyako vya rangi mbili havikigusi. Kunywa maji mengi, upumzike, umeze paracetamol peke yake. Aspirini na za jamii yake usiziguse, zaweza kukutoa damu. Na tumbo likikuuma sana au ukiona damu, hospitali mara moja."

"Nimekitoa wapi?"

"Mbu wake huuma mchana. Huzaa kwenye maji safi yaliyotuama: pipa, tairi, chombo cha maua. Yule aliyekuuma siwezi kuapa katoka wapi. Lakini jamaa zake, Mheshimiwa aliwatazama uso kwa uso."

Kyalo alifumba macho.

"Sasa kiko ndani yangu?"

"Mamilioni."

"Na sikioni," akasema polepole.

Alipona baada ya siku tisa, amepungua kilo na maneno. Sufuri kumi na tisa zikabaki sufuri, na mtihani wa marudio ukapangwa. Kyalo hakuomba radhi. Watu wa namna yake huomba radhi kwa kununua vitu, akanunua ubao mpya. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: akaingia darasani, akaketi nyuma karibu na Kaingu, na daftari. Aliuliza maswali mengi kuliko wote, mengine ya maana.

Siku ya marudio alifanya mtihani pia. Terry alipata themanini na mbili. Kyalo alipata arubaini na moja. Akaandika barua ya rufaa kwa mkurugenzi wa chuo. Na mkurugenzi, baada ya kuikalia siku mbili, akaikataa.