Idhini ya Mwenye Nchi

Bwana Shamsudin, Mungu amzidishie umri, alizaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, akahamia Houston mwaka 1991, akawa dereva wa teksi. Katika sebule yake ya Alief, mahali ambapo wenziwe hutundika picha za watoto waliohitimu, yeye alitundika shajara ya nasaba yake: mababu kumi na wanne, kwa wino mweusi, ndani ya fremu ya rangi ya dhahabu. Mola alijaalia makabila ili watu watambuane. Shamsudin alifahamu kwamba yamejaaliwa ili atambuliwe yeye.

Neno lake kubwa lilikuwa "wa kuja". Kwao aliwaita hivyo watu wa bara. Alipofika Texas hakulisahau: Wakongo waliohamia mtaani mwake mwaka 2001 walikuwa wa kuja, na Wazanzibari wa mwaka 1995 nao hawakusalimika, kwani yeye aliwatangulia kwa miaka minne.

Basi Swafwani, muuguzi, kijana wa swala tano, alipomposa binti yake Yumna, alikataliwa mara mbili: wa kuja, alisema Shamsudin, haozwi ila kwa radhi ya mwenyeji. Dosari yake ilikuwa moja tu: babu yake alihamia Mombasa kutoka kisiwa cha Ngazija. Yumna naye akaapa kwamba asipoolewa na Swafwani, haolewi. Mara ya tatu, mwezi wa Agosti 2003, alikuja kuposa ami yake Swafwani, Mzee Abdulbasit. Siku hiyohiyo kiyoyozi kikafa, na Hamdiya, mkewe Shamsudin, akamwita fundi.

Fundi alikuwa mtu mzima, ngozi ya shaba, nywele nyeusi zilizofungwa kisogoni. Shamsudin alimtazama akadhani ni mhamiaji kutoka Meksiko, akamhurumia kwa Kiingereza chake cha teksi.

"Usikate tamaa, ndugu yangu. Karatasi hutoka. Sisi wenyeji tutakusaidia."

Fundi akaangua kicheko. "Karatasi gani? Wazee wangu walikuwa wakivua samaki katika mto huu wa hapo nyuma, Mzungu hajafika, Texas haijaitwa Texas."

Mzee Abdulbasit, jasho likimchuruzika ndani ya kanzu, akaweka kikombe chini.

"Bwana Shamsudin, si wewe uliyesema wa kuja haozwi ila kwa radhi ya mwenyeji? Mwenyeji huyo, ameshika bisibisi. Muombe."

"Wanifanyia mzaha, mzee."

"Na umuulize, Baba Yumna," Hamdiya akadakia kutoka jikoni, "nasi tumeingia kwa radhi ya nani!"

Shamsudin akaiangalia fremu ukutani. Mababu kumi na wanne, na hakuna hata mmoja aliyepata kuisikia Houston. Akamweleza fundi kisa chote.

Fundi akauliza mawili tu. "Kijana ana kazi?"

"Anayo."

"Binti anamtaka?"

"Namtaka!" ikasikika sauti ya Yumna nyuma ya mlango.

"Basi mimi nimeridhia. Watu wanakuja huku miaka na miaka; leo ndiyo mara ya kwanza naulizwa."

 Shamsudin akainua mikono, Fatiha ikasomwa, na kiyoyozi kikavuma kabla ya amina.

Msidhani kwamba alijirudi. Tangu harusi ile, katika kila baraza huwakumbusha watu kwamba katika Houston nzima ni binti yake peke yake aliyeolewa kwa idhini ya mwenye nchi. Nyinyi wengine, husema, ndoa zenu ni za wa kuja.